Bomba Lisilosubiri Salamu

Ninyi vijana mnaotengeneza vitu vya watu kubonyeza, kushika na kuvuta, kaeni niwaeleze. Mjukuu wangu Tuma anasoma mambo ya kompyuta huko chuoni, na likizo iliyopita aliniambia wenzake wangependa kusoma maneno ya mtu aliyekaa na bomba la maji karibu maisha yake yote. Nikamwuliza, bomba na kompyuta wapi na wapi? Akasema, "Bibi, ni kitu kilekile. Mtu anakuja, ana haja yake, na kuna dude limesimama katikati." Hapo nikakubali. Madude yanayosimama katikati nayajua. Mimi niliishia darasa la nne, kwa hiyo mkikuta mwandiko umepinda Tuma atanyoosha. Mkikuta maneno yamewachoma, msimlaumu yeye. Hayo ni yangu.

Nilikuwa fundi wa pampu za mkono hapa kijijini kwetu, kwenye vilima vya Kasulu, kisha nikawa mtunzaji wa kituo cha maji mpaka magoti yaliponiambia basi. Mwanzoni kamati ilitafuta watu wa kufundishwa ufundi, na mwenyekiti akasema wachaguliwe wanawake, kwa sababu pampu ikiharibika mwanamume hajui mpaka aone chai imechelewa. Watu walicheka, lakini hakuna mwanamume aliyebisha. Nikapelekwa Kibondo na mtoto mgongoni, nikafundishwe na fundi Mzee Gwimo.

Mzee Gwimo alikuwa mwembamba kama bomba lenyewe, spana mfukoni mwa koti, na koti halivuliwi hata jua liwake vipi. Maneno alikuwa nayo machache. Pampu ya kwanza niliyoifungua na kuifunga kwa mikono yangu, nilishika mkono wake nikapiga, maji yakaruka, nikafurahi kama nimezaa tena. Yeye akaniuliza, "Nani amekutuma ujaribu?"

"Si nimeitengeneza mimi, mzee? Ajaribu nani?"

"Wewe unajua inavyokwenda. Mkono wako unaihurumia. Mwite yule."

Yule alikuwa mama apitaye na njia yake, mtoto mgongoni, furushi la mihogo kichwani. Tukamwomba achote. Mzee Gwimo akanivuta pembeni akasema, "Mikono nyuma. Mdomo ufungwe." Naye akaweka yake nyuma, tukasimama kama wanafunzi waliochelewa mstarini.

Yule mama alitua mihogo, akaweka ndoo, akapiga. Maji yalitoka vizuri. Lakini kila mkono wa pampu ulipopanda, alijikunja ubavu kuuepusha usimgonge mtoto kichwani. Mimi uvumilivu ukanishinda, nikapaza sauti, "Mama, simama upande huu!" Mzee Gwimo alinitazama tu. Yule mama alipoondoka, akaniambia, "Kesho atakuja mwingine, na wewe utakuwa kwako unapalilia. Utapiga kelele kutoka shambani?" Tukafungua nati zote, tukaigeuza pampu nzima. Nililala na mikono inauma, ila lile neno, mikono nyuma, sijawahi kuliacha.

Nyie mna haraka ya kueleza. Mtu akishika kitu chenu mnakimbilia, "Hapana, bonyeza pale, si pale, juu!" Halafu mnajisifu kwamba kitu ni rahisi. Rahisi kwa sababu nanyi mmesimama hapo mnakiombea.

Jambo lingine la Kibondo. Kulikuwa na kisima karibu na kanisa, na mzee wa kanisa alikuwa analalamika kwamba benchi la kwaya linaibwa. Linaonekana kisimani, linarudishwa, kesho yake liko kisimani tena. Jumapili alisimama mbele ya watu akauliza kwa uchungu, "Ndugu zangu, kwaya ikae chini ili ndoo zikae juu?" Akina mama wakainamisha nyuso ndani ya vitenge, mabega yanatikisika kwa kicheko. Wengine walitaka benchi lifungwe kwa mnyororo. Mzee Gwimo alisema tu, "Benchi halina miguu ya kutembea. Kuna kitu linakitafuta." Tukaenda tukasimama, mikono nyuma. Tukaona. Ndoo ikijaa, mama aliye peke yake hawezi kuitoa chini hadi kwenye ngata kichwani kwa mkupuo mmoja. Anaipandisha kwanza penye urefu wa kiuno, anapumua, anajipanga, ndipo anaitwika. Waliochora kisima hawakuwa wamechora pale pa kupumulia. Tukajenga kibaraza cha tofali chenye urefu wa benchi, na tangu hapo kwaya ilikaa kwa amani.

Watu hawa hawakuwa wezi. Wala wale waliokuja kutufungia koki kwa mpira wa baiskeli hawakuwa waharibifu. Wakati fulani tuliletewa koki za kujifunga zenyewe: ukibonyeza maji yanatoka, ukiachia yanakata, ili yasimwagike bure. Wazo zuri. Lakini dumu kubwa linachukua muda kujaa, na mama ana mtoto wa kumfuta kamasi, ana kitenge kinachofunguka, ana kidole kinachokufa ganzi. Akatafuta mpira, akaifunga koki ibaki imebonyea. Kamati ikaandika ubao: NI MARUFUKU KUFUNGA MPIRA. Mpira ukaendelea. Wakaandika kwa rangi nyekundu. Mpira ukaendelea, safari hii mwekundu pia, kwa kuwa mtoto mmoja aliupaka ile rangi iliyobaki. Mkiona mnaandika ubao juu ya ubao, acheni kuandika. Kitu chenyewe ndicho kina kasoro.

Hata nyumbani iko hivyo. Marehemu mzee wangu alibandika kipande cha plasta kwenye kitufe kimoja cha redio yake, kwa sababu vitufe vyote vilifanana na macho yake yalikuwa yameanza kuchoka. Akipapasa plasta, anajua hapo ndipo habari zilipo. Siku moja wanangu walisafisha nyumba, wakaona uchafu, wakabandua. Jioni akakosa taarifa ya habari, na sisi wote tukakosa amani.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike.

Miaka hii ya karibuni tuliletewa maji mapya ya bomba kutoka chemchemi ya kule juu, na kila bomba likafungwa mashine. Kila nyumba ikapewa kidude cha plastiki, ukubwa wa kifungo cha koti, wanakiita tagi. Maji yako unayalipia kabla, yanahesabiwa humo. Unagusisha tagi kwenye uso wa mashine na kuishikilia. Taa ya kijani inawaka, maji yanatoka. Umemaliza, unaitoa taratibu, yanakata. Ukiitoa kwa ghafla katikati ya kazi, taa nyekundu inawaka na mashine inaifungia ile tagi mpaka fundi aje kuifungulia. Mimi niliipenda ile mashine, sitaki mseme bibi anachukia mambo mapya. Zamani bomba lilifunguliwa kwa ufunguo wangu na lilifungwa nikienda msibani. Sasa maji yalikuwapo wakati wowote.

Fundi wa hizo mashine alikuwa kijana wa Mbeya, Lusajo, aliyeletwa huku na kazi. Mtu wa adabu, mchapakazi, pikipiki yake imejaa vumbi letu. Siku ya kutufundisha alieleza vizuri kabisa, kisha akauliza, "Mmeelewa?" Uwanja mzima ukajibu, "Ndiyooo!" Nami nilijua kwamba nusu hawakuelewa. Hilo mlishike. Huku kwetu mgeni amekuja kwa pikipiki, amesimama juani kwa ajili yako, halafu umwambie hukuelewa? Utamwambia umeelewa ili asijisikie vibaya. Msiwaulize watu kama wameelewa. Watazameni mikono.

Nina jirani anaitwa Perusi. Wazazi wake walimvusha kutoka Burundi akiwa msichana, mdogo wake mgongoni. Akakulia kambini, akahamishiwa kambi nyingine, akaolewa, akapata uraia, akafiwa na mume. Nyumba yake ya tofali za kuchoma aliijenga yeye, udongo akaukanyaga kwa miguu yake, na mimi nilikuwepo namchotea maji ya kuukandia. Anaishi peke yake na kuku wake, analima maharage mazuri kuliko yangu, na jambo hilo ananikumbusha kila msimu.

Perusi alikuwa anafungiwa tagi kila siku. Lusajo anaifungua, kesho imefungwa tena. Watu kwenye foleni walianza kuchoka.

"Bibi Perusi, umeshaiua tena?"

"Jamani tusogezeni ndoo, bibi amekata network!" akasema binti mmoja, na wenzake wakacheka mpaka wakashikana.

Perusi naye alicheka nao, cheko la mtu anayetaka yaishe. Baadaye, ingawa Lusajo alikuwa ameshamfungulia tagi, akaacha kuja bombani. Alisema ana maji ya kutosha. Nikamwona asubuhi moja anapanda kutoka bondeni, kule ng'ombe wanakonyweshwa, dumu la maji ya tope kichwani, gauni limechafuka ubavu mzima kwa kuteleza. Nami sikumwuliza njiani.

Watu wakampigia mwanaye Eliya, anayefanya biashara Buhigwe. Wakamwambia mama yako ameanza kusahau, bomba liko mlangoni kwake naye anakwenda kuchota tope. Eliya ni mtoto mwema, alishtuka. Akaja, akaliona lile dumu, akasema, "Mama, Jumapili nakuja na gari. Utakaa kwangu, kuna chumba nyuma ya duka. Siwezi kulala wewe ukiwa huku hivi."

Alipoondoka, Perusi alikuja kwangu. Alikaa kwenye kigoda, mikono mapajani, akasema, "Mugenzi, nilihamishwa nikiwa mtoto. Nikahamishwa kambi. Sasa nihame nyumba yangu kwa sababu ya bomba?" Mugenzi ndiyo rafiki, tunaitana hivyo. Nikamwuliza, "Unasahau?" Akasema, "Sijui. Wote wanasema nasahau. Labda hata hilo nimelisahau." Akacheka kidogo, akafuta macho kwa ncha ya kitenge.

Nikamwambia, "Kesho chukua ndoo. Utachota, mimi nitakaa pale bombani, kwenye kibaraza cha kuwekea ndoo."

"Utanielekeza?"

"Oya, hapana. Sisemi neno."

Kesho yake nilikaa, mikono nyuma. Perusi akaja, akatega ndoo, akatoa tagi. Akaishika kwa mkono wa kulia na wa kushoto ukagusa kiwiko cha kulia, kama tunavyompa kitu mtu tunayemheshimu. Nusura nicheke: anaipa mashine heshima ya mkwe. Taa ya kijani, maji yakatoka. Hakuna alichokosea. Nikaanza kujiuliza hao wanaosema amesahau waliona nini.

Ndipo akaja Mama Beni, jirani wa upande wa chini, na ndoo yake. "Mwakeye, bibi!"

Mwakeye ni salamu yetu ya asubuhi. Na ninyi wa mbali mjue jambo moja: huku mtu mzima hasalimiwi ukiwa na kitu mkononi, wala hajibu salamu kwa mdomo peke yake. Mikono miwili inakutana, unapiga makofi ya polepole, unainama kidogo, unauliza ya nyumbani moja moja, na kila jibu lina kofi lake. Perusi akageuka, mikono ikakutana. "Mwakeye, mwanangu. Watoto wameamka? Na mzee? Na mama yako kule Rungwe Mpya, mguu umepona?" Kofi, kofi, kofi.

Nyuma yake maji yalikata. Taa nyekundu ikawaka.

"Unaona, mama?" Mama Beni akaninong'oneza kwa huruma ya kweli. "Ameshasahau tena."

Nilibaki pale kutwa nzima. Nikawaona vijana: mkono mmoja umebaki kwenye mashine, kichwa kinatikiswa, "Mambo?" "Poa," maji yanaendelea. Nikawaona akina mama wa makamo, wanasalimia nusu na macho yanarudi kwenye taa kwa wasiwasi. Na jua lilipofika utosini, wakati kila mwenye akili yuko kivulini, nikawaona wazee wenzangu wanakuja mmoja mmoja, kila mtu peke yake, wanachota haraka na kuondoka. Nikamwuliza mmoja wao, "Mzee, unachota jua hili kwa nini?" Akatazama huku na huku akasema, "Saa hizi hakuna wa kunisalimia."

Hapo niliumia. Wazee wa kijiji kizima walikuwa wamejificha juani ili wasisalimiwe.

Nikampigia Lusajo. Akaja Ijumaa. Akaifungua mashine, akaipima, akaifunga. "Mama, mashine ni nzima."

"Sijasema inaumwa. Njoo ukae. Mikono nyuma, mdomo ufungwe."

"Nikae mpaka lini?"

"Mpaka uone."

Alikaa, maskini, jua linampiga. Perusi akaja na tagi aliyofunguliwa, akaanza. Watu wakaja. Salamu, makofi, taa nyekundu. Lusajo akainuka kwenda kumsaidia, nikamvuta shati. Akaja babu mmoja, akasalimiwa, taa nyekundu. Lusajo akatazama taa, akatazama mikono ya yule babu. Kisha akaanza kucheka, lakini anajicheka mwenyewe.

"Mama, kwetu Mbeya nikimsalimia shangazi nimesimama wima hivi, mkono mmoja kwenye bomba, nitaulizwa nimelelewa na nani. Na hii mashine ofisini tuliijaribu wote, tena kwa bidii. Lakini hakuna aliyemsalimia mwenzake. Tulikuwa tumeshasalimiana getini."

"Basi kosa si lako wala la Perusi," nikamwambia. "Mashine inataka mkono mmoja usibanduke, na salamu inataka yote miwili. Mkono wa tatu Mungu hakutupa."

Perusi alikuwa amesimama pale na ndoo yake nusu. Akauliza taratibu, "Kwa hiyo sisahau?"

"Husahau, bibi," Lusajo akasema. "Una adabu kuliko mashine yangu."

Perusi akakaa kwenye kibaraza. Alikuwa anakunjua na kukunja ncha ya kitenge.

Tukaanza kazi. Wazo langu lilikuwa mfuko: tagi iwekwe mahali ikae yenyewe, mikono iwe huru. Nikakata bati la kopo la mafuta, nikalikunja vizuri, nikajivunia. Mashine haikuwaka kabisa. Lusajo akanieleza kwa upole kwamba hiyo mashine na tagi vinaongea bila kugusana, na bati linawakatiza. Sawa. Nikaleta kipande cha mpira wa baiskeli. Tagi ilikaa, maji yakatoka, ila mpira ulifunika taa, na watu wakawa hawajui kama imekubali au imekataa. Lusajo ndiye aliyepata jibu. Alikata kitako cha chupa ya plastiki inayopitisha mwanga, akakichonga, akakigandisha kwa gundi chini ya taa, kikawa kama mfuko wa shati. Unatumbukiza tagi, unaachia.

Nilitaka kushangilia. Nikakumbuka Kibondo. "Mwite Perusi."

Akatumbukiza vizuri, maji yakatoka, akasalimia watu wawili kwa raha zake. Alipotaka kuitoa tagi, vidole vyake vyenye yabisi havikuingia. Akahangaika. Lusajo akanyoosha mkono amtolee, akajikumbuka, akarudisha mkono nyuma mwenyewe. Mimi nilimwona, nikampenda kama mwanangu. Alichukua kisu, akakata mbele ya ule mfuko nafasi kama mwezi mchanga, ya kidole kupita. Perusi akajaribu tena. Ikatoka kirahisi kama punje ya harage lililokomaa.

"Na ofisini nitaomba wabadilishe kitu kingine ndani ya mashine," Lusajo akasema. "Tagi ikiondoka ghafla, isifunge hapohapo. Isubiri kidogo."

"Isubiri mpaka nimalize kuuliza habari za ng'ombe?" Perusi akamwuliza.

"Aa, hapo bibi itasubiri mpaka jioni."

Walicheka wote wawili. Baadaye ofisini walimsikiliza kweli, mashine zikasubiri. Lakini hiyo ilichukua wiki nyingi, na Jumapili ilikuwa keshokutwa. Kwa hiyo vijana, kile kipande cha chupa msikidharau. Mkisubiri dawa kubwa iletwe, kuna mtu atakuwa ameshapakiwa kwenye gari.

Jumapili Eliya alikuja na gari la mizigo la kuazima. Alikuta nyumba imefungwa. Akaelekezwa bombani. Tulikuwa wengi, tumetoka kanisani, na mimi nilikuwa nimewaambia watu wote wasimsemeshe Eliya lolote. Perusi alikuwa ametega ndoo, tagi iko ndani ya ule mfuko wa mashine, maji yanatoka.

"Mwakeye, mama."

Perusi akageuka na mikono ikakutana. Alimsalimia mwanaye kwa ukamilifu, makofi yote: habari za Buhigwe, habari za mkewe, watoto mmoja mmoja kwa majina yao, duka, hata mbuzi aliyekuwa na jicho bovu akamkumbuka. Nyuma yake ndoo ilijaa, ikaanza kufurika.

"Mama," Eliya akasema, "maji yanamwagika."

"Nayaona. Sijamaliza kukusalimia."

Alipomaliza ndipo akatoa tagi kwa kidole kimoja, taratibu, maji yakakata. Akapandisha ndoo kibarazani, akapumua, akajitwika. Eliya akatutazama sisi, akatazama ile mashine, akainama akauchunguza ule mfuko wa plastiki. Akauliza, "Ni hiki tu?" Mama Beni akaanza kulia, kwa sababu ndiye aliyempigia simu. Perusi akamwambia anyamaze, chumvi si nzuri kwa maji ya kupikia.

Gari lilirudi Buhigwe na gunia la maharage tu.

Lakini Eliya alikuwa bado na hofu, na simlaumu. Akamwachia mama yake simu ya kupangusa kwa kidole, ile ya kioo kitupu. Akasema, "Mama, kila Jumapili unipigie. Wewe mwenyewe, si mtu akupigie. Nikiona wewe umenipigia, nitajua uko sawa, na gari sileti." Perusi akakubali. Simu ikawa inachajiwa kwangu, kwa kuwa mimi nina sola.

Jumapili iliyofuata akaja, akakaa kigodani, akaishika ile simu kwa mikono miwili. Mkaza mwanangu alikuwa ameshaweka ugali mezani. Perusi akapangusa, kioo kikageuka rangi. Akapangusa tena, ikatokea picha ya kuku. Papo hapo nyumba nzima ikamjia juu. Mkaza mwana anasema, "Si hapo, mama, ni pale pa kijani!" Wajukuu wadogo wanaparamia kigoda. Na Tuma, huyuhuyu msomi wenu wa kompyuta, ndiye aliyenyoosha mkono wa kwanza: "Lete bibi, nikubonyezee mara moja." Akaitoa simu mkononi mwa Perusi. Nikaona vile vidole vinabaki vimeshika hewa, na lile cheko la kwenye foleni likarudi usoni mwake.

Nikaigonga meza mpaka bakuli la mboga likaruka. Tuma akairudisha simu. Nikawaambia, na ndivyo ilivyo hapa kwangu hadi leo: "Nisikilizeni wote wa nyumba hii, na wewe Tuma uwe wa kwanza. Mikono nyuma. Midomo ifungwe. Simu ni yake, mtoto ni wake, na atampigia mwenyewe hata kama ugali utapoa."